UZI: Maua ya wino ya Wachina, kila aliyeyapokea aliyasoma kwa macho yake

#1 mkaa_baraza

Wakuu, salamu. Kwenye uzi wa mapambo ya sebuleni kuna mdau katupia picha ya kalenda ya Kichina: mwanzi, maua matatu ya wino, muhuri mwekundu pembeni. Akasema vitu hivi mashine inatema tu, sanaa hapo iko wapi? Nilianza kumjibu kulekule, jibu likarefuka, nikaona nisiteke uzi wa watu. Nitaweka kwa vipande. Asiye na haraka avute kiti.

Hoja yangu naitanguliza ili wa kubishana aanze mapema. Uchoraji huu tunaoambiwa ni Uchina mtupu umepita mikono ya watu wengi: Wajapani, Mtaliano mmoja ambaye nitamrudia, Picasso kule Ufaransa, na hata mababu zetu wa mwambao. Karibu kila aliyeupokea aliusoma kivyake na kuacha nusu ya maana mlangoni. Wala silalamiki.

Kwanza vifaa, maana bila vifaa mengine hayaeleweki. Wino wao wa asili hauko kwenye chupa. Ni kipande kigumu: masizi ya msonobari au ya mafuta, yamekandwa na gundi ya mnyama, yakakaushwa. Unatia maji kidogo juu ya jiwe, unasaga taratibu kwa kuzungusha mpaka maji yawe mazito. Ukiongeza maji unapata kijivu, ukiongeza zaidi unapata kijivu cha ukungu. Brashi za manyoya ya mbuzi ni laini na hubeba maji mengi. Za manyoya ya kicheche ni kakamavu, hurudi zenyewe zikibonyezwa. Karatasi bora inaitwa xuan, inatengenezwa wilaya ya Jing mkoani Anhui kwa gome la mti na mabua ya mpunga, na ufundi wake uliingia kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2009. Isipotiwa shabu na gundi inakunywa wino kama mchanga wa ufukweni. Ukisitasita sekunde moja, doa limeshatanuka.

Nilipokuwa nasoma China nilijiunga na darasa la jioni la mama mmoja mstaafu, tukimwita Laoshi. Mwanzoni hakutupa ua hata moja. Tulichora jani la okidi tu, na linachorwa hivi:

Brashi inasimama wima, mkono hauegemei meza, nguvu inatoka begani. Unatua kwa ncha, unabonyeza, unaachia, unabonyeza tena, unaachia mpaka jani linaishia hewani kwa uzi mwembamba. Pale ulipobonyeza linanenepa, pale ulipoachia linageuka ubavu, na mtazamaji anaona upepo. Jani la pili linalikata la kwanza karibu na shina, na kati yao inabaki nafasi iliyochongoka ncha mbili. Wenyewe wanaiita jicho la feniksi, yule ndege wa ngano. Jani la tatu linapita katikati ya jicho na kulivunja. Mengine mafupi yanafuata. Ua lenyewe ni petali tano za wino mwepesi, kisha kabla hazijakauka unadondosha nukta nyeusi tii katikati. Kwisha. Hakuna kufuta, hakuna kurudia juu yake. Ukirudia, Laoshi anaona kabla hujainua kichwa.

Kipande kinachofuata jioni.

#2 Binti Pangani

Nipo siti ya mbele. Swali kaka: kwa nini nyeusi? Hariri wanayo, rangi wanazo, na maua yenyewe Mungu kayapa rangi. Kwa nini mtu achague kuyachora kwa masizi?

#3 mkaa_baraza

Dada, swali lako ndilo moyo wa jambo zima.

Rangi walizitumia sana, na bado wanazitumia. Kuna mtindo wanaouita gongbi: unachora mzingo wa ua kwa mstari mwembamba kabisa, halafu unajaza rangi tabaka juu ya tabaka, siku hata wiki. Huo ndio ulipendwa ikulu. Mfalme Huizong wa enzi ya Song, aliyetawala kuanzia 1100, alikuwa mchoraji mwenyewe. Mchoro unaohesabiwa kuwa wake, wa kasuku wa rangi tano kwenye tawi la mwaprikoti lenye maua, uko Museum of Fine Arts, Boston. Ni kazi ya jicho kali mno. Serikali ndiyo iliyomshinda: Wajurchen walivamia, wakamteka mwaka 1127, akafia kifungoni huko kaskazini.

Wino mtupu ulishikwa na watu wa aina nyingine: watawa wa Kibudha, maofisa waliofukuzwa kazi, wasomi waliokataa kazi. Inasimuliwa kwamba mtawa Zhongren, karne ya 11 kuelekea ya 12, aliona kivuli cha tawi la mplamu kwenye karatasi ya dirisha usiku wa mbalamwezi, akaanza kukichora kile kivuli. Kama ni kweli au ni ngano ya mafundi, mimi naipenda tu.

Watu hawa brashi waliishika kila siku kwa kuandika. Kwao mstari wa jani na mstari wa herufi ni mkono uleule, na msomaji mzuri alitaka kuuona mkono, tabia ya mtu, hasira yake na utulivu wake. Rangi ingefunika yote hayo. Walikuwa na mimea minne waliyoiita waungwana: plamu anayechanua kwenye baridi kali, okidi anayenukia bondeni pasipo na mtu, mwanzi unaopinda bila kuvunjika, na krisanthemu anayengoja maua mengine yaishe.

Sasa mfano ambao mimi haunitoki. Zheng Sixiao aliishi kuanzia 1241 hadi 1318. Wamongolia walipoimaliza nasaba ya Song mwaka 1279, yeye alikataa kabisa kuwatambua. Akawa anachora okidi zisizo na udongo: majani machache, ua, chini hakuna kitu, mizizi haishiki popote. Alipoulizwa udongo uko wapi, inasemekana alijibu kwamba umeibwa, ninyi hamjui? Karatasi yake ya mwaka 1306 ipo hadi leo, katika jumba la makumbusho ya sanaa la jiji la Osaka, Japani. Ni kidogo, majani hayafiki ishirini. Askari wa Mongolia angepita mbele yake angeona kichaka tu.

Na Xu Wei, wa karne ya 16. Huyu alikuwa na maisha ya kutisha, aliwahi kufungwa kwa kumuua mkewe, tusimpambe. Lakini alichukua peoni, ua la matajiri ambalo kila mchoraji alilipamba kwa rangi nyekundu na waridi, akalimwagia wino mweusi. Pembeni akaandika maelezo kwamba yeye ni fukara, tabia yake inaelewana na plamu na mwanzi, na fahari za dunia hawajuani nazo. Kwa hiyo dada, weusi ule ni msimamo.

#4 Chuma cha Reli

Mkuu umeandika vizuri ila naona mnapenda kutia siasa kila mahali. Mtu kachora ua. Ua ni ua. Hizo habari za udongo ulioibwa ni za wachambuzi baadaye.

#5 mkaa_baraza

Kuna mahali ningekubaliana na wewe. Maelfu ya okidi zimechorwa baada ya Zheng kwa sababu tu mtu alikuwa na karatasi na jioni ndefu. Lakini Wachina huandika juu ya mchoro wenyewe. Shairi liko palepale, tarehe, jina, muhuri. Na mmiliki wa baadaye anaongeza maneno yake na muhuri wake. Maneno ya Xu Wei kuhusu ufukara si ya mchambuzi, aliyaandika kwa mkono wake. Hapo anayesema ua ni ua tu anabishana na mwenye ua.

Ila umenipeleka vizuri kwenye kipande cha pili, maana yupo mtu aliyefika kule akiamini kabisa kwamba ua ni ua.

Giuseppe Castiglione, Mtaliano wa Milan, alizaliwa 1688. Alikuwa bruda wa shirika la Wajesuiti, fundi wa picha. Alifika China 1715, akatumikia wafalme watatu mfululizo, Kangxi, Yongzheng na Qianlong, akafia Beijing 1766. Wachina wanamjua kwa jina la Lang Shining. Alikuja kuhubiri, wakampa brashi, na maisha yake yote akachora farasi, mbwa, wafalme na maua. Kitabu chake cha kurasa 16 za maua na ndege kiko National Palace Museum, Taipei. Ukiangalia kurasa zile unaona kitu cha ajabu: hariri ni ya Kichina, mpangilio ni wa Kichina, tawi linaingia kutoka pembeni vilevile, lakini petali zina mwanga. Zinajaa, zinakunja, unaweza kuzishika. Vivuli vizito vya Ulaya ilibidi aviache, maana ikulu haikutaka kuona uso wa mfalme una weusi upande mmoja.

Je, wachoraji wenyeji walimpokeaje? Palepale ikulu kwa Qianlong alikuwepo Zou Yigui, ofisa na bingwa wa maua, mtu wa fani ileile. Aliandika mwongozo wa uchoraji, na humo anawataja Wazungu: wanajua vivuli na vipimo, nyumba wanayoichora utadhani utaingia ndani, mwanafunzi anaweza kuchota kitu kimoja viwili, lakini brashi hawajui, kwa hiyo hata wakichora kwa ustadi wote ni mafundi tu, na kazi yao haingii kwenye daraja la uchoraji. Hapo anamsema mtu aliyetumikia ikulu moja naye!

Mimi namwelewa Zou. Yeye alikuwa anatafuta mkono ndani ya mstari, Castiglione kaufuta mstari ili ua lionekane. Kila mmoja alikuwa anaangalia kitu ambacho mwenzake hakukiweka.

Lakini angalia mlango wa nyuma. Ofisa mwingine, Nian Xiyao, alijifunza kwa Castiglione namna Wazungu wanavyochora umbali na kina, akachapisha kitabu chake mwaka 1729. Huyohuyo ndiye aliyekuwa akisimamia matanuri ya kaure (vyombo vya kichina) ya mfalme kule Jingdezhen. Na ni miaka hiyohiyo kaure za ikulu zilipopata maua ya rangi ya waridi, rangi inayotokana na dhahabu, ujuzi ulioingia kwenye karakana za mfalme pamoja na Wajesuiti. Wasomi wakikataa kwenye karatasi, mafundi walikuwa wameshapaka kwenye bakuli.

#6 ngome_kongwe

Tulia hapo kwenye bakuli. Mimi ni mtu wa Lamu, nyumba ya bibi ina zidaka (vishubaka vya ukutani) ukuta mzima, na sahani za kichina zilikuwepo. Ulisema mwambao utaingia. Ingiza basi.

#7 mkaa_baraza

Haya, karibu kwako sheikh wangu.

Muda mrefu kabla ya Castiglione, maua ya Kichina yalikuwa yamefika kwetu, juu ya udongo badala ya karatasi. Magofu ya Gedi na Kilwa yametoa vipande vya kaure kwa wingi. Kunduchi hapo Dar, na Mambrui kaskazini ya Malindi, kuna makaburi ya nguzo yaliyotiwa bakuli za Kichina ndani ya chokaa. Nyingi zimeng'olewa, tundu limebaki. Ukiokota picha za vipande hivyo utaona mayungiyungi, krisanthemu, na peoni yetu ileile ya Xu Wei, wakati huu kwa buluu. Fundi wa Jingdezhen naye alikuwa na brashi ya manyoya, na petali zake za haraka ni binamu wa zile za wino. Halafu buluu yenyewe, ile ya mapema ya enzi ya Yuan na Ming, ilitokana na kobalti iliyoletwa kutoka Uajemi, na yale masahani makubwa yalitengenezwa kwa sababu soko la Waislamu lilikula kwenye sinia moja. Kwa hiyo hata kabla halijapakiwa chomboni, ua lile lilikuwa na wajomba wengi. Nyingi zilitufikia kupitia wafanyabiashara wa Bara Hindi na Ghuba.

Je, mwenye nyumba wa Pate au Lamu alijua kwamba yungiyungi linalotoka kwenye tope bila kuchafuka ni alama ya Wabudha? Sidhani hata kidogo. Alijua limetoka mbali, ni ghali, linang'aa, na kwenye kidaka cheupe cha chokaa buluu ile inakaa vizuri. Peoni kule ni utajiri. Huku sahani yenyewe ndiyo utajiri. Hapo walikutana kwa bahati tu, bila kuulizana.

Na sisi tukawarudishia. Mwaka 1414 sultani wa Bengal alimpelekea mfalme Yongle twiga. Mwaka uliofuata ujumbe wa Malindi ukapeleka twiga mwingine, wakati wa zile safari za meli za Zheng He, amiri wa Kichina. Ikulu ilimwona mnyama yule ikasema ni qilin, mnyama wa baraka anayetokea mtawala akiwa mwema. Yule wa Bengal yupo mpaka leo kwenye mchoro wa kutundika wenye shairi la Shen Du, mwandishi wa ikulu, juu yake: amesimama na shingo yake ndefu, kamba iko mkononi mwa mtunzaji, na madoa yake yamepangwa kama wavu. Mnyama wa nyika zetu kachorwa na mkono uliozoea majoka. Anayefikiri mababu zetu waliyasoma vibaya maua ya watu, amkumbuke na huyo twiga.

#8 ngome_kongwe

Bibi alikuwa anasema sahani ile isiliwe, iangaliwe. Tulidhani ni uchoyo. Endelea.

#9 mkaa_baraza

Kipande cha mwisho, nitapita Japani haraka maana ile inahitaji uzi wake.

Japani walichukua kwa mpango. Mtawa Sesshu alikwenda China 1467 akarudi 1469. Mchina Shen Quan, bingwa wa maua na ndege, alikaa Nagasaki kuanzia 1731 hadi 1733 tu, na kwa muda huo mfupi akaacha wafuasi waliotosha kuanzisha mkondo mzima. Lakini kilichosafirisha zaidi ni kitabu: mwongozo wa Bustani ya Mbegu ya Haradali, uliochapwa kwa mbao. Sehemu ya kwanza ilitoka 1679, za okidi, mwanzi, plamu, krisanthemu na maua mengine zikatoka 1701. Humo jani la okidi limekatwa hatua kwa hatua, la kwanza, la pili, la tatu, kama nilivyowaeleza juu. Wajapani waliuchapa upya wakajifunza humo.

Na humohumo alijifunza Qi Baishi. Huyu alizaliwa 1864 kijijini Xiangtan, Hunan, akawa seremala wa nakshi. Akiwa kijana wa miaka kama 20 alikiona kitabu hicho kwa mteja, akakiazima, akakinakili usiku kwa taa. Alihamia Beijing akiwa mtu mzima na wakubwa wa mji hawakumthamini. Rafiki yake Chen Shizeng ndiye aliyemsukuma abadilike, na mwaka 1922 akabeba michoro ya Qi kwenye maonyesho Tokyo. Ikanunuliwa yote, kwa bei ambayo Beijing haikuwahi kumpa. Baada ya hapo nyumbani nako wakagundua kwamba wana bingwa. Wasanii wa kwetu mnaoonekana Ulaya kwanza ndipo huku Posta, Dar, wawajue, hamko peke yenu.

Mtindo uliompa jina ni maua mekundu juu ya majani ya wino mweusi. Mkubwa aliyemtangulia katika njia hiyo ni Wu Changshuo wa Shanghai, na wekundu ule mzito wa Wu ni rangi ya kutoka ng'ambo, karmini ya Wazungu, iliyoingia na meli. Jekundu la zamani la kwao halikuweza kushindana na wino mzito, hili liliweza. Leo ukimwonyesha mtu ua jekundu na jani jeusi atakuambia, hiyo ndiyo China yenyewe.

Mwaka 1956 mchoraji Zhang Daqian, bingwa wa mayungiyungi na pia mghushi hodari aliyewauzia watu kazi za kale alizochora mwenyewe, alimtembelea Picasso kusini mwa Ufaransa. Kwa simulizi ya Zhang, Picasso alimtolea michoro aliyoichora kwa kumwiga Qi Baishi. Zhang akaona mara moja kwamba mzee hana brashi sahihi, baadaye akamtumia za Kichina. Fikiria: mwaka huo Qi Baishi alikuwa bado hai Beijing, ana miaka zaidi ya 90, seremala wa Hunan, na mtu maarufu kuliko wote katika sanaa ya Ulaya anahangaika kuiga kamba wa majini na maua ya Qi kwa brashi isiyofaa.

#10 Mtaalamu wa Pazia

Mimi ndiye wa kalenda 😂. Nimesoma yote. Bado nasema kalenda yangu ni ya mashine.

#11 mkaa_baraza

Ni ya mashine kweli, sikubishii! Hata mwongozo wa Haradali ulikuwa wa kuchapwa. Piga picha ya karibu hapo kwenye majani, utuwekee tuone kama jicho la feniksi limevunjwa.

#12 Binti Pangani

Na sisi tunaotaka kujaribu? Karatasi ya xuan Dar naipata wapi na bei si itanikimbiza?

#13 mkaa_baraza

Dada usianze na xuan, utaichukia sanaa bure. Wanafunzi kule wanaanza na karatasi ya njano ya mianzi, rahisi, inakunywa wino vizuri tu. Ukiikosa, hata gazeti la zamani linafaa kwa kuzoesha bega. Wino wa chupa unatosha kwa sasa, tena uchanganye na maji kwenye visosa vitatu: mzito, wa kati, mwepesi. Pesa yako iweke kwenye brashi, moja tu, ya kicheche au ya mchanganyiko, yenye ncha inayorudi. Ukimaliza ioshe kwa maji ya baridi bila sabuni na uitundike ncha chini.

Peoni iache kwanza. Anza na jani la okidi, kushoto kwenda kulia, halafu kulia kwenda kushoto. Huo upande wa pili ndio utakaokutoa jasho. Ukijaza ukurasa, piga picha weka hapa.